Jinsi ya kuandika wasifu wa baba aliyekuwa mtu wa benki kijijini

Baba alifanya kazi ya benki kwa miaka 31, na miaka 26 kati ya hiyo ilikuwa katika matawi ya vijijini. Alipofariki, ndugu walikaa kikao kifupi wakaamua mimi ndiye niandike wasifu, kwa kuwa ni mtoto wa kwanza na mwandiko wangu unasomeka. Nikaketi na daftari hadi usiku wa manane. Nilipoinua kichwa nilikuwa nimeandika jina lake, mwaka aliozaliwa na sentensi moja: "Alikuwa meneja wa tawi." Nilikuwa nimekula naye meza moja utoto wangu wote, na sikuweza kumtaja hata mtu mmoja aliyemkopesha.

Si kwamba sikuwa msikivu. Yeye hakusema. Tukiwa naye njiani, mtu akimsimamisha na kumshika mkono kwa mikono miwili, baadaye sisi watoto tungeuliza, "Baba, yule nani?" Jibu lilikuwa lilelile siku zote: "Jirani." Aliyekaa nyumba ya tatu alikuwa jirani, na aliyetoka bonde la mbali, mwendo wa saa nne kwa miguu, naye jirani. Mtu wa benki kijijini anajua nani ana deni, nani amechelewesha marejesho, na mama gani ameweka akiba ambayo mumewe haijui. Anatakiwa kuzikwa na hayo yote. Ndiyo maana wasifu wake ni mgumu kuuandika kuliko wa mwalimu au seremala, ambao kazi ya mikono yao kila mtu aliiona.

Tangu wakati ule nimezisaidia familia nyingine mbili kuandika wasifu wa wazazi waliofanya kazi hiyohiyo. Ninayoyaeleza hapa ni njia niliyoipita, pamoja na mambo ambayo natamani mtu angeniambia usiku ule wa kwanza.

Anza na makaratasi

Kumbukumbu zitakuja zenyewe, lakini ukianza nazo utazunguka palepale. Tafuta kwanza faili lake. Mtu wa benki hatupi karatasi, kwa hiyo faili lipo: barua ya ajira, barua za uhamisho, za kupandishwa cheo, vyeti vya mafunzo, hati za mshahara, barua ya kustaafu. Geuza na picha zote uangalie nyuma, maana watu wa kizazi chake waliandika tarehe huko.

Uti wa mgongo wa wasifu ni barua za uhamisho. Kila moja ina tarehe mbili: siku ilipoandikwa, na siku anayotakiwa kuripoti kituo kipya. Chukua ile ya pili, kwa sababu ndiyo siku ambayo vyombo vilipakiwa na familia ikahama kweli. Kisha chora jedwali la safu nne: mwaka, tawi, cheo, na katika safu ya nne umri wa kila mtoto mwaka huo. Wengi huiacha hii ya nne kwa kuona ni kazi ya bure. Nakusihi usiiache. Bila hiyo utaandika historia ya mwajiriwa, na mwajiriwa huyo alikuwa na watoto waliokuwa wakimsubiri mlangoni.

Kwetu sisi safu ya nne ilionyesha jambo ambalo sikuwahi kulijua. Katika miaka tisa Baba alihamishwa mara nne. Uhamisho wa mara tatu uliangukia wakati wa likizo ya shule, nami nilikuwa nimeamini maisha yangu yote kwamba ni bahati. Nyuma ya kila barua ya uhamisho nilikuta nakala ya jibu lake mwenyewe, maandishi ya kaboni ya buluu yaliyofifia, sentensi mbili tu: anaupokea uhamisho kwa heshima, na anaomba aripoti baada ya shule kufungwa kwa kuwa ana watoto watatu wanaosoma. Mara tatu alikubaliwa. Ya nne alikataliwa, na huo ndio mwaka niliohamishwa shule katikati ya muhula, nikamnunia Baba wiki nzima. Hakuniambia kwamba aliomba. Nilikaa na ile karatasi ya kaboni mapajani kwa muda mrefu, na kidole changu kikabaki na alama ya buluu.

Jambo jingine kuhusu makaratasi, na hili ni zito. Unaweza kukuta madaftari yenye majina ya watu na kiasi wanachodaiwa. Unaweza kukuta muhuri wa zamani, fomu za maombi ya mkopo, hata kitabu cha akiba cha mteja ambacho mwenyewe hakuwahi kukifuata. Vitu vya benki virudishe benki, na aliyevipokea akusainie. Madaftari yake binafsi yafunge uyaweke ndani. Usiyapige picha wala kumpa mtu ayapekue "kwa ajili ya historia". Kama aliwahi kumkopesha mtu kwa fedha za mfukoni mwake, hilo ni suala la mirathi, lizungumzwe na msimamizi wa mirathi mahali pake. Deni la jirani si sehemu ya wasifu wa baba yako, hata kama daftari linaonyesha wema wake.

Ielewe kazi kabla ya kuisifu

Rasimu nyingi nilizosoma zinasema marehemu "aliitumikia benki kwa uadilifu mkubwa". Msikilizaji hapati picha yoyote. Sababu mara nyingi ni kwamba mwandishi mwenyewe hajui kazi ilikuwa nini. Kwa hiyo tafuta mstaafu mmoja aliyefanya naye kazi, muombe akueleze siku moja tu ya tawini, tangu mlango unapofunguliwa mpaka unapofungwa.

Hivi ndivyo nilivyoelezwa mimi. Asubuhi sefu hufunguliwa na watu wawili, kila mmoja na ufunguo wake, na mmoja akikosekana haifunguki. Keshia anahesabiwa fedha, anasaini. Mchana kutwa watu wanaweka na kutoa. Jioni kila noti inahesabiwa upya na kulinganishwa na vocha, yaani karatasi za kuweka na kutoa, na leja, daftari kuu la hesabu, na hesabu zikipishana hata kwa sarafu moja, hakuna anayekwenda nyumbani. Mama alikuwa akitazama saa ukutani na kusema, "Hesabu zimegoma," nasi tukajua Baba atachelewa.

Halafu kuna sehemu ya kazi isiyofanyika dirishani. Mfanyakazi wa mjini hupata mshahara kila mwezi, lakini mkulima hupata fedha mavuno yakiuzwa, pengine mara moja kwa mwaka. Ukimkopesha na kumtaka alipe kila mwezi, umemwekea mtego. Atauza mbuzi mwezi wa kwanza, jembe la kukokotwa mwezi wa tatu, na msimu ukifika hana cha kulimia. Ustadi wa mtu wa benki kijijini ni kujua mkopo utoke lini ili uiwahi mbegu, na urudi lini ili usiutangulie mzigo sokoni. Mvua zikichelewa, mikopo mizuri inageuka chechefu, yaani isiyolipika, yote kwa pamoja, kwa sababu mawingu hayachagui shamba la nani. Hapo anaamua: aongeze muda, adai kwa nguvu, au aifuate dhamana. Na makao makuu yanauliza.

Wajukuu hawakuelewa mpaka nilipowaambia hivi: fedha aliyomkopesha jirani mmoja ilikuwa akiba ya jirani mwingine. Akimwonea huruma mkopaji kupita kiasi, anayeumia ni bibi aliyeweka fedha zake za uzeeni. Mjukuu mmoja wa miaka kumi alinyamaza kidogo, akauliza, "Sasa Babu alikuwa analalaje?" Swali hilo nililiingiza kwenye wasifu kama lilivyo.

Uliza pia alimheshimu nani katika kazi yake. Baba alimtaja sana Friedrich Wilhelm Raiffeisen, aliyekuwa meya wa Heddesdorf huko Ujerumani, ambaye mwaka 1864 alianzisha hapo chama cha mikopo kwa ajili ya wakulima waliokuwa wakikamuliwa na wakopeshaji wa riba kubwa. Wanachama walidhaminiana kwa mali zao, na eneo la chama lilikuwa dogo makusudi ili kila mmoja amfahamu mwenzake. Baba aliliweka kwa maneno yake: mwenye kukopesha aweze kuliona paa la nyumba ya mkopaji. Mwingine ni Muhammad Yunus, aliyeanza mwaka 1976 kuwakopesha maskini wa kijiji cha Jobra, Bangladesh, bila kuwataka dhamana ya mali. Kazi hiyo ikazaa benki ya Grameen mwaka 1983, na mwaka 2006 yeye na benki hiyo wakapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Kwa Yunus Baba alikuwa na hoja zake. Aliamini vikundi vya wakopaji wanaodhaminiana, vilivyotumika mahali pa dhamana ya mali, vinaweza kumwaibisha mnyonge mbele ya wenzake kuliko barua yoyote ya benki, na alibishana hivyo na rafiki yake kila walipokutana. Niliandika ubishi huo katika wasifu, kwa sababu walioketi pale walikuwa wamemwona mtu mpole wa nyuma ya meza, na hawakujua kwamba aliifikiria kazi yake hata akiwa amevua viatu.

Waulize watu kuhusu siku, usiwaulize kuhusu tabia

Ukimuuliza mtu, "Alikuwa mtu wa namna gani?" utajibiwa kwamba alikuwa mwema, mcheshi na mpenda watu. Utaandika kurasa tatu za hayo na zitamfaa marehemu yeyote. Uliza siku. Ulimwona kwa mara ya kwanza wapi, na alikuwa ameshika nini? Aliwahi kukukasirisha lini? Ni jambo gani alikukatalia? Siku ngumu kuliko zote pale tawini ilikuwa ipi? Mwombe ruhusa ya kurekodi kwa simu, taja jina lake na tarehe mwanzoni mwa rekodi, na siku hiyohiyo hifadhi nakala mahali pa pili. Akinyamaza, usimjazie. Wazee huyasema yaliyo muhimu baada ya kunyamaza.

Na uwaulize wa pande zote mbili, wa nyumbani na wa kazini. Nitakueleza kwa nini.

Nilipokuwa na miaka 12, nikiwa shule ya bweni, nilianguka nikavunjika mkono. Shule ilipiga simu tawini kwa Baba alasiri. Nilimsubiri usiku kucha nikiwa nimelazwa karibu na dirisha, kila taa ya gari ikipita najiinua. Alifika kesho yake karibu na adhuhuri. Kisa hicho nimekisimulia miaka mingi kama ushahidi kwamba benki ilikuwa mbele na sisi nyuma.

Wiki ya msiba nilizungumza na mzee aliyekuwa msaidizi wake tawini. Nilimuuliza siku ngumu kuliko zote. Akasema, "Ni ile siku wewe ulipovunjika mkono." Sikujua kwamba analijua jambo hilo.

Baba alikuwa na ufunguo mmoja kati ya miwili ya sefu. Kesho yake ilikuwa siku ya wakulima kulipwa mazao yao. Baadhi walikuwa wameshaanza safari kwa miguu. Akiondoka na ufunguo, sefu haifunguki na watu wanarudi mikono mitupu. Na ufunguo haukabidhiwi kwa yeyote tu: lazima awe ofisa aliyeidhinishwa, na makabidhiano yasainiwe na wote wawili katika daftari la funguo. Ofisa huyo alikuwa likizo, nyumbani kwake, ng'ambo ya mto. Baba alimaliza kufunga hesabu, akachukua baiskeli na daftari alilolifunga kwenye nailoni, mvua ikinyesha, yeye na msaidizi wake wakaenda. Walifika saa tatu usiku. Wakasaini kwa mwanga wa taa ya chemli. Baba alipomaliza kusaini aliligeuza daftari kwa msaidizi wake, akamwambia, "Hebu angalia kama inasomeka. Mkono unatetemeka." Yule mzee akaniambia, "Mwanangu, saini ya baba yako naijua kuliko yangu. Ile haikufanana." Kutoka pale Baba aliendesha baiskeli hadi barabara kuu, akasubiri lori mpaka alfajiri.

Mama hakukijua kisa chote, mimi hata nusu sikuijua, na yule mzee hakujua kwamba nilikesha dirishani. Nilipoandika, niliyaweka yote mawili, kusubiri kwangu na baiskeli yake. Usifute kusubiri kwako kwa sababu umepata maelezo. Kulikuwepo, na baba yako hatapungua ukikusema.

Watafute na aliowanyima

Hapa ndipo watu wengi huogopa. Wanawatafuta waliopewa mikopo wakafanikiwa, na wasifu unakuwa orodha ya shukrani. Lakini sehemu kubwa ya kazi ya mtu wa benki ni kusema hapana, na namna alivyoisema ndiyo inayomwonyesha alivyokuwa.

Mama mmoja alinieleza alivyoomba mkopo mkubwa kwa dhamana ya shamba lake pekee. Baba alisoma fomu yake yote, akaifunga, akamwambia, "Mama, nikikupa fedha hizi nitakuwa nimeshakuuzia shamba lako." Alimpa robo ya alichoomba. Yule mama alitoka amekasirika na hakumsalimia Baba mwaka mzima. Alinisimulia hayo akiwa amekaa katika shamba lilelile.

Nilimtafuta pia mtu ambaye dhamana yake iliuzwa kweli. Nilikwenda na moyo unapiga. Hakunikaribisha ndani, tulizungumza tukiwa tumesimama uani. Alisema neno moja lililonitosha: "Alikuja mwenyewe kuniambia. Hakutuma barua." Sikumuuliza zaidi. Katika wasifu niliandika tu kwamba Baba aliifanya pia sehemu chungu ya kazi ile, na kwamba habari mbaya alizipeleka kwa miguu yake.

Sasa kuhusu siri. Kwa kila kisa cha mteja, muulize mwenyewe mambo matatu: naweza kukisimulia, nitaje jina au nisitaje, na kitu gani nikiondoe. Akishajibu, kiandike, kisha rudi umsomee kabla ya kukisoma mbele za watu. Hata akikuruhusu vyote, kiasi cha fedha usikitaje. Na ujue kwamba kuficha jina hakutoshi. Kijijini ukisema "mjane mwenye mashine ya kusaga karibu na kisima" umeshamtaja kwa jina na ukoo. Ondoa mashine, kisima, na mwaka wenyewe. Yule mama wa shamba nilimwandika hivi: "jirani mmoja aliyewahi kunyimwa". Alipokisikia kwa simu aliniambia niongeze kwamba alikasirika. Nikaongeza.

Kama aliyekopa amefariki, waulize watoto wake. Wakisita, kiache. Baba yako alivumilia kutosimulia kwa miaka yote ile.

Baba wa nyumbani aonekane akifanya kitu

"Baba mwenye upendo" ni maneno ya kweli ambayo hayaonyeshi chochote. Kaa na ndugu zako, kila mmoja aandike vitu vitano alivyomwona akifanya kwa mikono yake, bila kuonyeshana. Linganisheni baadaye. Sisi watatu, bila kuambizana, tuliandika kitu kimoja: kitabu cha akiba.

Kila mtoto akifikisha miaka saba, Baba alichukua daftari la shule, akalikata katikati, akachora safu za tarehe, kuweka, kutoa na salio, na juu ya jalada akaandika jina la mtoto kwa herufi kubwa. Sarafu zilikaa kwenye mkebe kabatini. Ukiweka, anasaini. Ukitaka kutoa, unaeleza sababu, naye hakuwahi kukataa, alisema tu, "Njoo kesho asubuhi ukiwa bado unazitaka." Mdogo wangu bado anacho chake. Kwenye ukurasa wa nne kuna mahali salio limekosewa, likafutwa kwa mstari mmoja ulionyooka ili namba ya chini iendelee kusomeka, na kando kuna saini mbili, ya Baba na ya mtoto wa miaka minane. Ndivyo kosa linavyosahihishwa benki, na ndivyo alivyolisahihisha kwa mwanawe.

Jingine lililojitokeza ni hila ya tisa. Hesabu zikipishana, Baba alitufundisha, ichukue tofauti uigawanye kwa tisa. Ikigawanyika bila kubaki, inawezekana kabisa kuna mtu amegeuza tarakimu mbili: ameandika 36 mahali pa 63, na tofauti ni 27. Tulicheza mchezo huo mezani jioni, yeye akituandikia safu ya namba zenye kosa moja, sisi tukilitafuta. Niliposoma kipande hicho siku ya mazishi, makarani wastaafu wawili waliokaa nyuma walitazamana, mmoja akainama akajifuta macho.

Weka na upungufu mmoja wa kweli. Baba alichelewa kurudi, alikosa sherehe zetu nyingi za shule, na hakujua kuomba radhi kwa maneno. Mama alisikiliza rasimu nzima na sentensi hiyo akaniambia niibakize.

Kuandika na kusoma

Ufuate mpangilio ambao wazee wameuzoea: kuzaliwa, elimu, kazi, ndoa na watoto, ugonjwa, kufariki. Ukiuvuruga, watu watakaa wakisubiri tarehe badala ya kusikiliza. Lakini katika kila sehemu weka kisa kimoja, na vyeo vyote viingie katika sentensi moja au mbili. Ugonjwa uwe mfupi. Mwili wa mgonjwa nao una siri zake.

Yaache maneno ya kibenki yaliyogeuzwa mafumbo. Mdogo wangu aliandika kwamba Baba "amefunga hesabu yake na salio limekaa sawa". Tulizungumza, tukaliondoa. Kila mtu wa benki aliyefariki ameshaandikiwa hivyo, na Baba alizifunga hesabu za kweli kwa jasho. Hazikuwa mfano wa kitu kingine.

Maneno 600 yalinichukua kama dakika sita kwa sauti ya kawaida, na yanatosha. Isome rasimu kwa sauti mara mbili ukiwa peke yako, uweke alama pale sauti inapokatika. Chapisha kwa herufi kubwa, mistari iachane, upande mmoja tu wa karatasi. Mpe mtu wa pili nakala, asimame karibu nawe, na mpatane mapema kwamba ukishindwa ataendelea kuanzia mstari ule bila kutoa maelezo. Mimi nilishindwa kwenye ile barua ya kaboni. Kaka yetu wa kwa baba mkubwa akaendelea.

Ukimaliza, kazi bado. Chapisha nakala chache za toleo refu lenye visa vyote vilivyoruhusiwa, na mwishoni uache kurasa mbili tupu pamoja na kalamu, wageni wa siku zile wasahihishe na kuongeza. Nakala yetu sasa ina maandishi ya mikono mitatu zaidi. Shangazi amesahihisha mwaka wa ubatizo. Karani mstaafu amebadilisha mpangilio wa matawi mawili niliyoyageuza, akaweka saini kando. Chini kabisa kuna mstari usio na jina: "Mwaka ule wa ukame alinisubiri misimu miwili."

Mwanangu aliuona, akaniuliza ni nani aliyeuandika. Mwandiko niliutambua, kwa kuwa mwenye nao aliwahi kuniandikia namba yake ya simu kwenye daftari.

Nikamwambia, "Jirani."